Nyumba, Chumba cha Kupanga na Utu Uzima: Uhakiki wa Hoja ya Kukwama katika Stuck ya Marc Sommers kwa Kurejelea Gitega, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kitabu cha Marc Sommers, Stuck: Rwandan Youth and the Struggle for Adulthood (2012), ambacho kimekuwa rejea ya kudumu kwa wanaoandika na kushauri kuhusu vijana wa Rwanda. Sommers anashikilia kwamba kijana maskini hukwama katika ujana kwa kuwa hawezi kujenga nyumba. Bila nyumba hapati ndoa, na bila ndoa jamii haimtambui kuwa mtu mzima. Makala yanakubali uzito wa hoja hiyo kwa upande wa vijijini, lakini yanadai kwamba sitiari ya kukwama haielezi maisha ya wapangaji wa mitaa ya jiji kama Gitega. Huko kijana huvuka na kurudishwa, na mara nyingi hubeba kazi za mtu mzima miaka mingi kabla ya kupewa jina lake. Ushahidi unaotumika ni msamiati wa Kinyarwanda na wa Kiswahili kuhusu nyumba na ndoa, historia ya kaya zilizoongozwa na watoto baada ya 1994, na mradi wa makazi wa Mpazi.

Utangulizi

Gitega inayozungumziwa hapa isichanganywe na Gitega ya Burundi, mji mkuu wa kisiasa wa nchi hiyo tangu 2019. Hii ni mojawapo ya mirenge kumi ya wilaya ya Nyarugenge, katikati ya Kigali. Iko kwenye miteremko inayoshuka kuelekea bonde la Nyabugogo, jirani na Kimisagara na Rwezamenyo. Ni miongoni mwa mirenge yenye msongamano mkubwa zaidi wa watu nchini. Sehemu kubwa ya nyumba zake zilijengwa kabla ya ramani ya mipangomiji kufika, na kwa Kinyarwanda makazi ya namna hiyo huitwa akajagari, yaani mahali pa vurugu pasipo mpangilio. Hatua chache kutoka hapo kuna Biryogo na Nyamirambo, mitaa ambako Kiswahili kilizungumzwa vibarazani na sokoni kwa vizazi kadhaa kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Kwa hiyo kuusoma mtaa huu kwa Kiswahili si kuuvisha nguo ya kuazima.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 13.2 nchini Rwanda, na takribani theluthi mbili yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 30. Katika hali hiyo swali la lini mtu anakuwa mtu mzima, na nani anamtambua hivyo, si la wanaanthropolojia peke yao. Anayetunga sera ya nyumba, ya ardhi, ya ndoa au ya ajira analijibu, ajue asijue. Ndiyo sababu kitabu cha Sommers kinastahili kusomwa upya na kwa jicho kali zaidi kuliko kilivyozoea kusomwa.

Kitabu na nguvu yake

Sommers na wasaidizi wake walifanya utafiti mwaka 2006 na 2007, vijijini na Kigali, wakizungumza na vijana maskini na pia na viongozi waliokuwa na dhamana juu yao. Wakati huo mipaka ya utawala ilikuwa imechorwa upya: mwaka 2006 mikoa, wilaya na mirenge ilipunguzwa na kupangwa kama inavyojulikana leo. Matokeo yake ni hoja moja iliyofumwa kwa uvumilivu mkubwa. Kijana wa kiume hutakiwa kujenga nyumba kwanza ndipo aoe. Lakini tangu sera ya imidugudu, yaani vijiji vya pamoja, ilipoanza mwaka 1996 na 1997, mahali pa kujenga na namna ya kujenga vimewekewa masharti: kiwanja kiwe ndani ya umudugudu, paa liwe la aina inayokubalika. Kila sharti lina bei. Kijana huacha shule ili atafute fedha za matofali na paa, miaka hupita, ukuta husimama nusu, na wenzake wa kike nao hungoja. Msichana asiyeolewa kihalali hawezi kuitwa mwanamke kamili, na miaka ya kungoja kwake ni michache kuliko ya mvulana.

Nguvu ya kitabu iko hapa: kinawasikiliza vijana wanavyopanga vipaumbele vyao, kisha kinaonyesha kwamba vipaumbele hivyo havimo katika nyaraka za serikali na wafadhili. Nyaraka zinazungumza juu ya ajira, mafunzo na ujasiriamali. Vijana wanazungumza juu ya paa. Kwa kugundua hilo peke yake Sommers ameitendea haki mada yake kuliko ripoti nyingi zilizomtangulia na zilizomfuata. Ulinganisho alioufanya na Peter Uvin mwaka 2011 kati ya vijana wa Rwanda na wa Burundi uliongeza uzito. Burundi ilikuwa maskini zaidi na dola yake dhaifu zaidi, lakini vijana wake walionekana kuwa na matumaini zaidi, kwa sababu njia za kufikia utu uzima zilikuwa nyingi na hazikulindwa kwa ukali uleule. Ni hitimisho lisilopendeza kwa mshauri wa sera, na ndiyo sababu linafaa kukumbukwa.

Hata hivyo kuna jambo la kushangaza. Kitabu cha awali cha Sommers, Fear in Bongoland (2001), kiliwafuata vijana wakimbizi wa Kirundi waliojificha Dar es Salaam na kufanya kazi ya ushonaji. Vijana wale wanajificha, wanabadili namna ya kuzungumza, wanahama, wanajipenyeza. Mwandishi alijua kabisa jinsi jiji linavyomsukuma kijana. Alipofika Rwanda alichagua sitiari ya mtu aliyesimama.

Nyumba ya kijijini na chumba cha jijini

Sitiari ya kukwama inahitaji mlango mmoja. Mtu amekwama mbele ya kitu, na akikipita amepita. Nyumba ya kijijini inafaa sana kuwa mlango wa namna hiyo, kwa kuwa ikishaezekwa imeezekwa. Mvua mbaya au mwezi usio na kibarua hauiondoi. Kijana aliyeijenga anaweza kuwa maskini maisha yake yote, lakini hawezi kurudishwa kuwa umusore, yaani kijana asiyeoa.

Gitega haina mlango huo. Kijana aliyezaliwa huko au aliyehamia kutoka kijijini hana pa kujenga. Anapanga chumba, mara nyingi kwenye safu ya vyumba nyuma ya nyumba ya mwenye kiwanja. Chumba hicho kinampa karibu kila kitu ambacho nyumba ya kijijini ingempa: faragha, mahali pa kumleta mwenzake, mahali pa kulea mtoto, anwani ya kutaja. Dar es Salaam kijana wa namna hiyo angesema ana geto lake, na ndani ya neno hilo mna fahari na mzaha kwa pamoja, kwa maana geto ni makao ya mtu anayejitegemea lakini ambaye bado hajahesabiwa. Tofauti kati ya geto na nyumba ni kwamba geto hulipiwa kila mwezi. Utu uzima wa mpangaji ni mtihani unaorudiwa mara kumi na mbili kwa mwaka, na akishindwa mara mbili mfululizo anarudi kwa mama, kwa shangazi, au kulala kwa rafiki.

Chukuliwe kijana wa miaka 24 anayechuuza matunda Nyabugogo. Ana mwenza na mtoto, na chumba amekilipia. Jiji limepiga marufuku uchuuzi wa barabarani, na faini imewekwa hata kwa mnunuzi. Mwezi ambao bidhaa zake zimekamatwa, kodi hailipiki. Mwenza anarudi kwa wazazi wake na mtoto, naye anarudi kuwa kijana wa kulala kwa wenzake. Miezi mitano baadaye wanapanga tena, mtaa mwingine, Kimisagara au Nyakabanda. Ni vigumu kusema mtu huyu amekwama. Amevuka mara mbili na kurudishwa mara moja, na kila kuvuka kumemgharimu. Tatizo lake si kukosa mlango bali ni kwamba mlango aliopitia haufungiki nyuma yake.

Lugha zenyewe zinathibitisha kwamba nyumba na ndoa hazishikamani kwa namna moja tu. Mnyarwanda aliyeoa au kuolewa husema ndubatse, neno ambalo likichukuliwa sisisi ni nimejenga. Usemi kubaka urugo, yaani kujenga boma, ndio usemi wa kawaida wa kuanzisha ndoa na kuidumisha. Sommers anaiona nguvu ya ujenzi katika maisha ya vijana, lakini hoja yake inauchukua ujenzi kwa matofali zaidi kuliko lugha inavyouchukua. Mpangaji wa Gitega aliyefunga ndoa mbele ya ofisi ya murenge anasema ndubatse bila kumiliki tofali moja, na hakuna anayemcheka. Lugha imeshampa ruhusa ambayo nadharia inamnyima.

Kiswahili kinaenda upande mwingine. Wanaoishi pamoja bila ndoa husemwa kuwa wanaishi kinyumba, yaani nyumba ipo na ndoa haipo. Kinyarwanda kina kwishyingira, kujioza wenyewe, na neno hili halina haya ya nyumba bali haya ya kuruka wazazi na mahari. Ukiyaweka maneno haya pamoja unaona kwamba jamii za eneo hili zimekuwa zikigawa vitu vitatu ambavyo kitabu kinavifunga katika fundo moja: paa, idhini ya wakubwa, na karatasi ya serikali. Jijini vitu hivi huja kwa nyakati tofauti na kwa mpangilio wowote, na karatasi aghalabu huja mwisho, katika sherehe za pamoja ambamo viongozi wa mitaa huhalalisha jozi nyingi ambazo zimekwisha kuzaa na kulea.

Mzigo wa karatasi hiyo una umri. Sheria ya Rwanda iliweka miaka 21 kuwa umri wa ndoa kwa wote, mke na mume, na sheria ya familia ya 2016 ikaushikilia. Sheria mpya ya 2024 imeubakiza umri huo, lakini imemruhusu aliyefikisha miaka 18 kuomba kibali kwa kutoa sababu. Nia ya kumlinda msichana ni dhahiri na haina haja ya kubishaniwa. Jambo linalohitaji kusemwa ni kwamba mwenye miaka 19 aliyezaa hawi mtoto tena kwa sababu sheria haijamwita mke. Kinyarwanda kina jina lake tayari: umukobwa wabyariye iwabo, msichana aliyezalia kwao. Waswahili wa Tanzania nao husema amezalia nyumbani. Katika lugha zote mbili kosa lake limepimwa kwa nyumba, kwamba alizaa katika nyumba isiyo yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2019–2020 ulikuta takribani asilimia 5 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuanza uzazi. Katika kitabu wasichana hawa wanaonekana kama walioshindwa kungoja, kumbe wamo kazini tayari: wananyonyesha, wanachuuza, wanapika, wanaamka usiku. Walichokosa ni jina.

Nyumba anayotoka

Kwa kuikazia macho nyumba ambayo kijana ataijenga, Sommers anaipa nafasi ndogo ile anayotoka. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili watalishangaa pengo hili, kwani nyumba ya wazazi ndipo riwaya zetu za ukuaji zilipoanza kazi yao. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Rosa hakosi nyumba wala hakosi baba na mama. Anachokosa ni baba asiyelewa na asiyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Balaa linaanzia ndani ya ukuta uliokamilika. Kezilahabi aliona mapema kwamba ulinzi wa kupindukia na utelekezaji vinaweza kutoka katika mkono mmoja, na kwamba binti anayefungiwa hajifunzi kuvuka, anajifunza kutoroka tu. Mtafiti anayemkuta kijana katika chumba cha kupanga bila kumuuliza alitoka nyumba gani amekuta nusu ya habari.

Rwanda nusu hiyo ina uzito usio na mfano. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yalipita pia katika miteremko hii. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, katika hukumu yake ya Desemba 1999 dhidi ya Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, ilishughulika na silaha zilizogawiwa Cyahafi, katika eneo hilihili la Nyarugenge. Baada ya mauaji, vita na maradhi, na baada ya wazazi wengine kufungwa, maelfu ya kaya nchini ziliongozwa na watoto. Msichana wa miaka 14 alikuwa anaamua nani ale, nani aende shule, nani auze mbuzi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Machi 2003, Lasting Wounds, ilieleza jinsi watoto hawa walivyoporwa ardhi na walezi na majirani, na jinsi haki ya kurithi iliyotolewa kwa mabinti na sheria ya 1999 ilivyokuwa ngumu kudaiwa na mtoto asiye na mtu mzima wa kusimama naye ofisini.

Mkasa huu unaugeuza mpangilio wa Sommers. Nyumba ilikuwepo, ya marehemu wazazi. Kazi zote za mtu mzima zilikuwepo. Aliyezifanya alikuwa mtoto kwa umri, na alipofika miaka 25 akiwa amewalea wadogo zake watatu hakuwa na ndoa, kwa hiyo kwa kipimo cha kitabu alikuwa bado kijana aliyekwama. Kwa kipimo cha wadogo zake alikuwa mama. Nadharia inayomwita mtu huyu aliyeshindwa kufika utu uzima ina kasoro kwenye msingi wake, na kasoro hiyo haiondolewi kwa kuongeza sura moja kuhusu yatima.

Jibu la vijana wenyewe ni la kufikirisha zaidi. Mwaka 1996 wanafunzi manusura wa Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare walianzisha AERG, chama cha wanafunzi manusura, na ndani yake wakaunda familia. Wanafunzi waligawana katika makundi, mmoja akawa baba, mwingine mama, wengine watoto, ingawa wote walikuwa rika moja. Baba huyo wa miaka 22 alitarajiwa kufuatilia maendeleo ya masomo, kumtembelea mgonjwa, na baadaye kusimama upande wa familia katika harusi ya mtoto wake ambaye pengine alimzidi umri. Hakuwa amejenga. Hakuwa ameoa. Alipewa utu uzima na wale waliouhitaji, na akautekeleza. Hapa Kiswahili kina msaada wa bure, kwani mtu mzima ni mtu kamili, asiyepungua, na pia ni mtu aliye hai na mwenye afya. Hakuna paa katika neno hilo. Mfano wa AERG unaonyesha kwamba jamii ikilazimika inaweza kulitenga jina la mtu mzima na mali, na ikafanya hivyo kwa heshima na kwa utaratibu. Mhakiki anaweza kusema kwamba hiyo ilikuwa dharura. Ndiyo, lakini dharura iliyodumu kiasi cha kuzaa mwaka 2003 chama kingine cha waliohitimu, GAERG, haiwezi kupuuzwa kuwa ni jambo la kupita.

Mtaa wenye taasisi nyingi

Utafiti wa kimataifa juu ya athari za mtaa kwa vijana umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya miji ya Marekani. William Julius Wilson, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskini wa mijini, alieleza mitaa ya Chicago iliyokimbiwa na viwanda na kisha na watu wa kipato cha kati, ikabaki na maskini peke yao na taasisi zilizodhoofika. Wengi wanaoandika kuhusu makazi holela ya Afrika wameazima picha hiyo: mtaa maskini ni mtaa uliotelekezwa.

Gitega haikutelekezwa. Juu ya mpangaji wa chumba kimoja kuna isibo, kikundi cha kaya chache za jirani. Juu ya isibo kuna umudugudu, kisha akagari, kisha umurenge, kisha wilaya. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuna umuganda, kazi ya pamoja ambayo kutokuonekana kwako huonekana. Kiongozi wa mtaa anajua nani amehamia wiki iliyopita. Hali hii ina faida ambazo Chicago ya Wilson haikuwa nazo, na usalama wa kutembea usiku si faida ndogo kwa msichana anayetoka kazini. Lakini dhiki ya mtaa wa namna hii ni ya aina nyingine. Hapa kijana hapotei kwa kukosa wa kumwona. Anaonekana mno, na kila anayemwona ana kipimo mkononi: kitambulisho, bima, risiti, aina ya paa, aina ya biashara. Asiyetimiza vipimo anaweza kuishia katika kituo cha Gikondo, ambacho Human Rights Watch ilikiandikia ripoti mwaka 2006, 2015 na 2020, na ambako watoto wa mitaani na wachuuzi wamekuwa wakizuiliwa. Alcinda Honwana, aliyechapisha kitabu chake juu ya vijana wa Afrika mwaka uleule wa 2012, anazungumzia kipindi kirefu cha kungoja. Neno kungoja nalo lina utulivu usiolingana na maisha ya mtu anayekaguliwa kila wiki.

Sommers anastahili sifa kwa kuona, katika sera za nyumba, kwamba ni kanuni yenyewe inayopandisha gharama ya kuwa mtu mzima. Angeliweza kuifuata hoja hiyo hadi jijini na kuona kwamba kinachopandishwa gharama huko ni kukaa mahali pamoja.

Jambo hili lina ushahidi wa mbali unaofaa kusikilizwa. Mpango wa majaribio ulioanza Marekani mwaka 1994 katika miji mitano uliwapa baadhi ya familia maskini nafasi ya kuhamia mitaa yenye hali bora. Uchambuzi wa Raj Chetty na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walipata kipato kikubwa zaidi utu uzimani, ilhali waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, na makadirio yao yaliegemea upande wa hasara. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kuhama kwenyewe huvunja kitu, na kijana ana muda mfupi wa kukijenga upya. Kama kuhamia mahali bora kunamgharimu kijana wa Marekani, basi kuhamahama kati ya Gitega, Kimisagara na Nyakabanda kwa sababu ya kodi, bila ubora wowote kuongezeka, hakuwezi kuwa jambo dogo.

Mpazi na hati ya kiwanja

Mfereji wa Mpazi unakusanya maji ya miteremko hii na kuyashusha Nyabugogo, na mvua kubwa ikinyesha waishio kandokando yake huwa wa kwanza kujua. Ndipo Jiji la Kigali lilipochagua kujaribu njia mpya. Zamani uboreshaji wa jiji ulimaanisha kuondolewa: mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu cha maskini waliondolewa na wenye nyumba wakaelekezwa Batsinda, mbali na kazi zao. Mpazi, ndani ya Gitega, yamejengwa majengo ya ghorofa ya matofali, ili wenye viwanja waachie ardhi yao na kupewa makao mapya palepale walipokuwa. Shule haibadiliki, duka la mkopo halibadiliki, jirani habadiliki. Kwa kulinganisha na Kiyovu, hili ni badiliko la fikra, na washauri wa sera wanaolitaja kama mfano wa kuigwa wana sababu.

Lakini hesabu yake huanza na hati. Anayebadilishana lazima awe na cha kubadilishana, na cha kubadilishana ni kiwanja na kilichojengwa juu yake. Mwenye nyumba ya safu ya vyumba anaingia katika hesabu. Mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye ndiye kijana wa makala haya, anaingia katika hesabu kama kipato cha mwenye nyumba. Majengo yakikamilika vyumba vitakuwa bora, na vyumba bora vina kodi bora. Yeye atahama, kwa hiari yake kama wasemavyo, na takwimu hazitamwandika kuwa amehamishwa.

Hapa hoja ya Sommers na uhakiki wake vinakutana mahali pamoja. Alionya kwamba kanuni nzuri ya ujenzi inaweza kumfungia mtu nje ya utu uzima. Onyo hilo lilielekezwa kwa imidugudu, na bado lina kazi Mpazi, ila aliyefungiwa nje ni mtu ambaye kitabu hakikumtazamia: mwenye mtoto, mwenye kazi ya aina fulani, anayesema ndubatse, na ambaye mwaka huu amepanga vyumba viwili tofauti.

Mkakati wa pili wa taifa wa mageuzi, wa 2024 hadi 2029, umeahidi ajira 1,250,000. Ahadi hiyo itapimwa kwa kuhesabu ajira, na ni sawa ipimwe hivyo. Sera ya vijana ya 2006 ilimhesabu kijana kuanzia miaka 14 hadi 35. Ile ya 2015 ikasema 16 hadi 30, na hivyo wenye miaka 33 wakaacha kuwa vijana bila kujenga, bila kuoa na bila kuulizwa. Vipimo vyote hivi ni vya mtu mmoja katika siku moja. Hakuna kati yake kinachouliza mtu amekaa katika chumba chake miezi mingapi, alikitoka cha kwanza kwa nini, na ni nani mwingine anayekula kwa jasho lake. Maswali hayo matatu yanaweza kuulizwa na kiongozi wa isibo, ambaye tayari anabisha hodi na daftari mkononi.